Mzee Aliyekataa Kulala Ndani

Zabron Kihwele alikuwa na daftari la kulala. Wenzake pale Mgololo huandika siku waliyopanda mahindi au siku ng'ombe alipopandwa, yeye aliandika mahali pa kulaza ubavu. Upepo unatoka wapi, maji yako umbali gani, nani wa kuombwa ruhusa. Kutoka kwake hadi Chunya ni mwendo wa siku tano kwa baiskeli, kwa mtu wa miaka sitini na mitatu asiye na haraka, na katika njia yote hiyo alikuwa na vituo kumi na kimoja vya kuchagua. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na mlango.

Kanuni zake alijitungia mwenyewe, na nyingi alizijua kwa kuumia. Usilale bondeni, hata kama nyasi ni laini kama godoro, maana baridi ya Mufindi hushuka usiku kama maji na kujaa chini. Usilale chini ya mkaratusi upepo ukivuma, matawi yake huanguka bila hodi. Usilale karibu na kisima, wanawake wakija alfajiri wakakuta dume limejifunika turubai, utaamshwa kwa ndoo ya kichwa. Tanuri la matofali lililochomwa juzi linashinda gesti, lina joto hadi asubuhi, ilmradi ulale upande unakotoka upepo, la sivyo moshi utakumaliza. Na kabla ya yote hayo, nenda kwa balozi wa nyumba kumi, toa kitambulisho, sema utokako na uendako. Mgeni ambaye haijulikani alikolala ndiye mwizi wa kuku wa asubuhi.

Sasa hapo kwa balozi ndipo ugomvi ulipoanzia kila mara. Huku kwetu nyanda za juu, mwezi wa saba, hakuna mtu mwenye akili atakayemwacha mwenye mvi alale nje.

"Mzee, unataka tuchekwe?" balozi mmoja wa Makambako alimwuliza. "Watu waseme nimelaza mgeni kwenye matofali wakati nina kitanda?"

"Nakoroma," Zabron alijibu. "Nakoroma kama mashine ya kusaga. Nitawaamsha watoto wako wote na wa jirani."

Alikuwa mwongo mkubwa katika jambo hilo. Mkewe Juliana amelala naye miaka thelathini na minne na anasema huyu bwana akilala hata kupumua husikii. Lakini uongo wa kukoroma ulifanya kazi, kwa sababu watu hucheka, na wakishacheka hawaulizi tena. Wanampa mkeka na kikombe cha chai, wanamwachia matofali yake.

Alikuwa akienda kumtafuta mwanawe. Philbert, mtoto wao wa pekee wa kiume, aliondoka miaka minne iliyopita akasema anakwenda Chunya kwenye dhahabu, mwaka mmoja tu, apate mtaji wa duka. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Mwaka wa pili alipiga akikumbuka. Kisha mwezi wa tatu simu ikazimika, na haikuwaka tena. Juliana aliipiga asubuhi na jioni hadi sauti ile ya kike inayosema namba haipatikani akaanza kuichukia kama mke mwenza.

Zabron alikuwa ameshastaafu kazi ya kiwanda cha karatasi. Mwezi wa saba alifunga turubai, blanketi na pampu kwenye keria ya baiskeli, akaweka picha ya Philbert ndani ya bahasha na bahasha ndani ya Biblia, akaondoka. Watu walimwuliza kwa nini asipande basi. Alisema basi linapita juu ya watu, na mtoto aliyepotea anaweza kuwa popote, hata Igawa, hata Chimala, anauza vocha kando ya barabara. Kwa baiskeli unasimama kila penye watu, unatoa picha, unauliza. Maelezo hayo yalikuwa mazuri. Kila aliyeyasikia alitikisa kichwa na kusema kweli mzazi ni mzazi.

Basi safari hiyo ya kwanza alifika Mbeya, akapanda ule mlima mrefu wa kwenda Chunya akisukuma baiskeli kwenye ukungu, akashuka upande wa pili ambako baridi inaisha na vumbi linaanza. Huko, kabla ya kufika machimboni, alikuta mgahawa wa mama mmoja Mnyakyusa aitwaye Tumpe, mnene, mcheshi, anayepikia madereva na wachimbaji. Wakati wa kulipa chai akatoa picha.

Tumpe aliitazama. Alikuwa anacheka na dereva, akaacha kucheka. Akafuta mikono kwenye kanga, akaishika picha kwa ncha za vidole.

"Huyu ni nani yako, baba?"

"Mwanangu wa kuzaa. Umemwona?"

"Karibu ndani, baba."

"Nimekuuliza, umemwona?"

"Karibu ndani upumzike. Ule, ulale. Kesho tutaongea vizuri. Hiyo maneno haiongeleki hapa barabarani."

Zabron alisema ahsante sana mama, mimi nina haraka, nitalala nikirudi, na tena nakoroma. Akapanda baiskeli. Usiku huo alilala kwenye bani la kukaushia tumbaku lisilo na watu, umbali wa nusu saa kutoka kwa Tumpe, na asubuhi aliandika daftarini: bani, kavu, panya wachache. Hakuandika habari za mwanamke aliyeacha kucheka.

Kule machimboni mambo yalikuwa yale yale. Alizunguka wiki nzima kutoka duara moja, yaani shimo la dhahabu, hadi jingine. Wachimbaji, vijana wenye udongo mwekundu hadi kwenye kope, waliishika picha, wakaangaliana. Kisha wote waliuliza swali moja, hata kama hawakuwa wameambiana.

"Mzee, umefikia kwa nani?"

"Sijafikia kwa mtu. Nalala nje."

"Huna mwenyeji hapa?"

"Sina."

Basi wakamrudishia picha, wakasema hawamjui. Mmoja alimkimbilia nyuma akampa maji ya chupa na nusu ya mkate, akarudi kazini, na Zabron akamshukuru Mungu kwamba vijana wa siku hizi bado wana adabu.

Hapa yafaa nieleze jambo ambalo msomaji wa huku analijua, na Zabron alilijua kuliko wote. Kwetu habari ya msiba haiambiwi mtu akiwa amesimama. Haiambiwi barabarani, haipigiwi simu mwenye msiba mwenyewe. Mtu anaitwa ndani, anakalishwa, anapewa maji, anapewa chakula, maana akishasikia hatakula tena kwa siku kadhaa. Wanaitwa watu wawili watatu wenye nguvu wa kumshika. Akiwa mgeni, mara nyingi anaachwa alale kwanza. Ndipo anatafutwa mtu wa kusema. Asiye na nyumba ya kumwingiza haambiwi, kwa sababu nani atamdaka akianguka?

Na mtu wa kusema, pale Mgololo, kwa miaka kumi na tano alikuwa Zabron. Alikuwa mzee wa kanisa mwenye sauti ya chini isiyotetemeka, na mchungaji alimtuma kila palipokuwa na msiba wa mbali. Alishakwenda kwa mama mmoja aliyekuwa akimwagilia mboga, ambaye mumewe alifia safarini Songea. Yule mama alipoona wazee watatu wanaingia uani alikimbilia upande wa pili wa bustani na ndoo yake, akaendelea kumwagilia. Alimwagilia tuta moja hadi likawa tope. Walimsubiri saa nzima, kofia mikononi, kwa sababu nje haisemwi. Zabron alimhurumia sana, lakini moyoni alimwona mjinga kidogo. Anamkimbia nani? Tope linaweza kumfufua mtu?

Haya, mjinga mwenyewe ndiye huyo sasa, na ndoo yake ina magurudumu mawili.

Mwaka uliofuata alikwenda tena, mwezi wa saba, kwa njia ile ile. Safari hii Tumpe alimwona kutoka mbali, akatoka hadi katikati ya barabara na mwiko mkononi, akashika usukani wa baiskeli.

"Baba, leo huondoki. Leo unalala kwangu."

"Nitalala nikirudi."

"Ulisema hivyo hivyo mwaka jana, ukapita usiku nisikuone."

Kweli alipita usiku. Alitazama mnyororo wa baiskeli kama vile umelegea. Tumpe alimsubiri, akaona haendi popote na hashuki. Mwisho akamwambia, kwa upole sana, ampe basi namba ya simu. Si yake. Namba ya mchungaji wao.

Zabron alimtajia namba. Aliitaja haraka, na moja ya tarakimu za mwisho haikuwa yenyewe. Namba ya mchungaji aliijua kama Baba Yetu. Alikosea kweli au alikosea akijua? Ukimwuliza leo atakuambia alikuwa amechoka. Mimi nasema ulimi wake ulikuwa na akili kuliko kichwa.

Alirudi nyumbani, akakaa na siri hiyo miezi kumi na moja. Wala hakuiona kuwa siri. Mwezi wa sita mwaka huu, akiwa anaziba tyubu kwa ajili ya safari ya tatu, huku Juliana anapembua maharage mlangoni, ikamtoka tu.

"Yule mama wa kule mlimani ni mtu mwema. Hata namba ya mchungaji aliomba."

Juliana aliacha kupembua.

"Aliomba namba ya nani?"

"Ya mchungaji."

"Aliomba namba ya mchungaji, Baba Philbert. Na wewe ukampa?"

"Nilimpa."

"Mchungaji hajapigiwa na mtu yeyote kutoka Chunya. Ningejua."

Zabron alipaka gundi kwenye kiraka, akapuliza, akapaka tena. Juliana aliweka ungo chini. Hakulia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, anayeweza kugombana na jogoo, lakini siku hiyo kuku walianza kuokota maharage yake na hakuwafukuza.

"Watu wanakusifu," alisema mwishowe. "Wanasema Zabron anampenda mwanawe, analala nje kwenye baridi kwa ajili yake. Mimi pia nilikusifu. Kumbe wewe humtafuti. Wewe unamkwepa."

"Mama Philbert, sina hakika ya kitu chochote."

"Ndiyo, huna. Ndivyo ulivyotaka. Mimi nimelala miaka miwili na hiyo simu chini ya mto, nikisikia mbwa wanabweka nakurupuka kufungua mlango. Ungenipa mimi hiyo hakika, hata kama ni chungu, ningeimeza. Umeninyima."

Neno hilo lilimwingia. Alijitetea kidogo, akasema labda yule mama ana sababu nyingine, labda Philbert ameoa kule na ana aibu, labda yuko jela. Juliana alimsikiliza hadi akaishiwa.

"Naweza kupanda basi kesho," Juliana akasema. "Nikaingia kwa huyo mama nikakaa kwenye kiti. Lakini mimi nikienda, wewe utabaki barabarani na hiyo baiskeli mpaka ufe. Nenda wewe. Kalale ndani. Ukirudi, uje uniite na mimi ndani unikalishe, uniambie kwa kinywa chako. Kazi hiyo si unaijua?"

Mwezi wa saba Zabron akaondoka. Na kwa sababu yeye ni yeye, aliondoka kwa baiskeli, na Juliana hakubishana, alimfungia viazi vya kuchemsha.

Safari hiyo ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote, ingawa hakupata pancha hata moja. Alitamani pancha. Alitamani mvua mwezi wa saba. Makambako alilala kwenye tanuri na hakuona usingizi. Chimala, kwenye baraza la kanisa, alimwomba Mungu ampe homa, kisha akaona haya kuomba vile mahali pale, akahamia chini ya mti.

Mbeya alifika kwa Sajid, Mhindi mwenye duka la vipuri vya baiskeli, aliyezoea kumwona kila mwaka na kumruhusu kulala barazani. Zabron alimwambia afungue gurudumu la nyuma, kuna mlio.

Sajid alilizungusha gurudumu. Akatega sikio.

"Mzee Zabron, halina mlio."

"Fungua, uangalie gololi."

Sajid akafungua, akazimwaga gololi kwenye sahani, akazitazama moja moja, akazipaka grisi. Zilikuwa nzima zote.

"Basi angalia breki."

"Breki nimekubadilishia mwaka jana. Nzima."

"Usukani je?"

Sajid alifuta mikono kwa kitambaa na kumtazama. Alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, mtu wa maneno ya biashara, lakini alikuwa amezika baba mwaka uliopita.

"Mzee wangu, baiskeli hii inakwenda Chunya na kurudi bila kuguswa. Mimi sina cha kutengeneza." Kisha akaongeza, "Leo usilale barazani. Ingia, kuna nafasi kule nyuma kwenye matairi. Familia imepika, tule."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Zabron kulala ndani kwa mtu katika safari zake. Alilala kati ya matairi mapya, macho wazi, akisikiliza bati linavyojikunja kwa baridi. Hakuna lililotokea. Hakuna aliyemwambia kitu. Asubuhi alimshukuru Sajid mara tatu, akaondoka.

Mlima aliupanda tangu saa moja hadi saa sita akisukuma. Kwenye kilele alikaa juu ya jiwe, viazi mkononi, ukungu ukimpita. Kushoto kwake kulikuwa na kijia kinachoingia msituni, na kila alipokitazama aliona hapo ndani pangefaa sana kulala: pameinuka, pamekingwa upepo, maji yako karibu. Jicho lake lilikuwa limeshazoea kazi hiyo. Alitoa daftari, akaandika nusu ya mstari. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, maana hakukuwa na mtu, akapenga kamasi kwa ukurasa wa kituo cha kumi, akashuka.

Saa kumi jioni alimkuta Tumpe anasugua sufuria nje. Zabron aliegemeza baiskeli ukutani, akaifunga kufuli, akafungua blanketi lake kwenye keria, akalikumbatia.

"Mama, leo nimekuja kulala ndani."

Tumpe alisimama polepole.

"Karibu, baba," alisema. "Karibu sana."

Hakumwuliza habari za njia. Alimpa kiti chenye mgongo, akaleta maji ya moto katika beseni la kunawia miguu. Kisha akatoka uani, na Zabron akamsikia anaongea na simu kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini. Lugha hiyo haijui. Lakini alijua anachosema, na hata alihesabu: simu tatu.

Chakula kilikuja. Hakuwa ameagiza, na kilikuwa kuku mzima. Mtu anayesafiri kwa baiskeli hachinjiwi kuku bure. Alinawa, akamega tonge la kwanza la ugali.

Wakaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa balozi, mzee mwembamba aitwaye Jailos. Akasalimia, akavua kofia, akakaa. Wakafuata wachimbaji wawili waliooga haraka, maji bado shingoni. Mmoja alikuwa yule aliyemkimbilia na mkate mwaka wa kwanza. Akaja mama mwinjilisti na Biblia chini ya kanga. Wote walikaa ukutani, wakatazama sakafu. Wale vijana wawili walikaa karibu na kiti chake, mmoja kila upande, na Zabron aliwaona walivyopangwa, akajua wamepangwa vizuri.

Alijua pia kwamba hakuna atakayefungua kinywa maadamu yeye anakula. Kwa hiyo alikula. Alikula polepole kuliko alivyowahi kula maishani. Alifyonza mfupa wa paja, akafyonza wa bawa, akatafuna hadi gegedu. Katikati ya tonge na tonge Philbert alikuwa bado anauza vocha mahali fulani, ana aibu tu ya kurudi mikono mitupu. Ugali ulipokwisha aliomba uongezwe. Tumpe akaleta. Akaomba tena. Tumpe akaleta tena, na safari hii machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilishika sahani.

Tonge la mwisho alilisukuma kwa maji. Kisha akavuta bakuli, akanawa, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja.

Jailos alikohoa.

"Mzee wangu," alianza. "Sisi binadamu... sisi binadamu ni wapita njia. Mzee wangu, mwanao... yule kijana alikuwa..."

Akakwama. Kofia ilikuwa inazunguka mikononi mwake. Alijaribu tena, midomo ikacheza bila sauti, na wale vijana wawili wakasogeza viti. Zabron alimtazama mzee mwenzake akihangaika hivyo, akamwonea huruma. Kazi hiyo ni ngumu, hakuna shule inayoifundisha.

"Usijisumbue, ndugu yangu," alimwambia. "Mlimzika wapi?"